Niliyojifunza kwa kucheza nyumbani na mtoto njiti

Binti yetu alizaliwa katika wiki ya 33 ya ujauzito. Wodini wanamwita mtoto wa namna hiyo njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Tuliporuhusiwa kwenda naye nyumbani tulipewa maelekezo mengi ya kumlisha, kumpa joto na kumkinga na maambukizi, nasi tukayafuata yote. Kuhusu kumchezesha hatukuambiwa karibu chochote. Likizo ya mama yake ilipokwisha akarudi kazini, na kwa kuwa kazi yangu naweza kuifanya usiku, mimi ndiye niliyebaki na mtoto mchana. Naandika kwa ajili ya mzazi au mlezi yeyote atakayejikuta na kichanga mikononi na siku nzima mbele yake, asijue afanye naye nini baada ya kumlisha na kumbadilisha nepi.

Jambo kubwa kuliko yote nililipata tukiwa bado wodini, kwa muuguzi mmoja mtu mzima. Nilikuwa nimembeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mashine za kuwapa watoto joto zilipokuwa hazitoshi, na leo Shirika la Afya Duniani linashauri njiti abebwe hivyo kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Muda wote huo nilikuwa namnong'oneza mfululizo. Muuguzi akasimama karibu, akanisikiliza kidogo, akasema, "Baba, maneno yako mazuri, ila humpi zamu. Sema, kisha unyamaze umtazame. Atakujibu."

"Atanijibuje, mama, na mdogo hivi?"

"Kwa macho. Kwa mdomo. Kwa mguu. Wewe subiri tu."

Nikaita jina lake, nikanyamaza. Kile kimya kilinielemea, maana sisi wakubwa tumezoea kujibiwa papo hapo. Baada ya muda akafumbua macho, akayageuzia upande wa sauti, akatoa ncha ya ulimi. Muuguzi alicheka, akaendelea na kazi zake. Karibu kila kitu nilichofanya na mtoto nyumbani kilitoka hapo.

Wataalamu wa makuzi ya watoto wa Chuo Kikuu cha Harvard wanaufananisha mwenendo huu na kurushiana mpira: mtoto anarusha kwa mlio, tabasamu au mtazamo, mlezi anaurudisha, na katika kwenda na kurudi huko ndiko ubongo unakojengeka. Mimi nilichokiona ni kwamba mara nyingi mtoto ndiye anayeanza. Kazi yetu ni kugundua kwamba ameanza. Akitazama taa, nawe itazame umwambie "taa." Akitoa sauti, mrudishie sauti ileile, halafu mwachie nafasi. Wengi wetu tunashindwa hapo, kwenye kumwachia nafasi, kwa kuwa mtoto mdogo huchukua muda mrefu kupanga jibu lake kuliko tunavyodhani, na njiti ndiye anachukua zaidi.

Sikutenga kipindi cha kucheza. Nilijaribu kupanga ratiba mwanzoni, lakini haina mahali pa kukaa: mtoto wa chini ya miezi mitatu hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku, na muda mfupi anaokuwa macho unamalizwa na kulishwa, kubadilishwa na kuogeshwa. Kwa hiyo kama mchezo haumo ndani ya kazi hizo, haupo. Nilichagua nepi. Kwanza kwa sababu inarudi mara nyingi kwa siku; pili kwa sababu nyuso zetu zinakuwa karibu. Kichanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, nao ni umbali wa uso wa mtu anayemlisha au anayemwinamia kumbadilisha.

Basi kila mara, kabla ya kugusa nepi, nilimwinamia nikasema, "Tunainua miguu." Nikangoja. Kisha ndipo nikaiinua mimi. Wiki zikapita bila chochote, nami nikaendelea vilevile, maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Siku moja nilisema, nikanyamaza, na kabla sijanyoosha mkono nikaona magoti yake yanapanda yenyewe kuelekea tumboni. Yakasimama hapo, yakitetemeka kidogo, naye ananitazama usoni. Alikuwa amejua kinachofuata. Nilimwita mama yake kazini kwa simu kumwambia, nikashindwa kueleza kwa nini sauti yangu ilikuwa inakatika.

Jambo lile dogo lina mengi ndani yake. Amefahamu kwamba sauti fulani inaleta tendo fulani, kwamba mambo yana utaratibu, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kufanya kitu na mtu akakipokea. Ndiyo maana nasema kurudiarudia si uvivu wa mlezi. Mtu mzima anachoka na mchezo mmoja baada ya dakika mbili, mtoto anauhitaji kwa miezi. Na ile sauti nyembamba ya kuvuta maneno ambayo watu huitumia kwa watoto, itumie bila haya, hasa wewe mwanamume mwenzangu. Watafiti wamethibitisha kwamba watoto huisikiliza kwa makini zaidi kuliko sauti ya kawaida. Sema maneno halisi, usimharibie matamshi, ila yavute na uyapandishe.

Sasa niseme kuhusu hofu, kwa sababu wazazi wa njiti wanaijua. Jirani yetu alijifungua mwezi mmoja na sisi, mtoto wake akiwa ametimiza miezi yake yote. Wa kwao alipoanza kutabasamu, wetu alikuwa bado analala usingizi mzito. Wa kwao alipoanza kunyakua vitu, wetu alikuwa anatazama tu. Kila tulipokutana nilirudi nyumbani na uzito kifuani. Kliniki ndiko walikonifafanulia umri uliorekebishwa: unatoa katika umri wake zile wiki alizowahi kuzaliwa. Wetu aliwahi wiki saba, hivyo akiwa na miezi minne kwa kalenda, makuzi yake yanapimwa kama ya mtoto wa miezi miwili na kitu. Hesabu hiyo hutumika mpaka mtoto afikishe miaka miwili. Fanya hesabu hii kabla ya kusoma jedwali lolote la hatua za ukuaji, la sivyo utajiumiza bure na utaanza kumsukuma mtoto kwenye michezo ambayo mwili wake haujaifikia.

Jambo jingine ambalo kwa njiti linaonekana wazi, lakini ni la watoto wote: mtoto huchoka na mchezo, na ana namna yake ya kusema basi. Anageuza uso. Anapiga miayo, anapata kwikwi, anatandaza vidole, anaupinda mgongo. Mwanzoni kila alipogeuza uso nilihisi amenikataa, nikazunguka upande wa pili ili anione. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutusaidia, ndiye aliyenishika mkono. "Mwache apumzike, mwanangu. Atarudi mwenyewe." Na kweli, ukikaa palepale bila kumfuata, baada ya muda macho yanarudi, na mara nyingi yanarudi na tabasamu. Kugeuza uso ni zamu yake pia.

Mchezo mgumu kuliko yote ulikuwa wa kulala kifudifudi. Mtoto analazwa chali kila anapolala usingizi, mchana na usiku, kwa sababu kulala chali kunapunguza hatari ya kifo cha ghafla cha kichanga. Hilo halina mjadala. Lakini akiwa macho, na mtu yuko naye, anahitaji muda wa kulalia tumbo ili shingo, mabega na mgongo vipate nguvu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja angalau dakika 30 kwa siku kwa mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa, zikigawanywa vipindi vidogovidogo. Wetu alilia kila nilipomgeuza, kilio cha kukata tamaa, paji la uso likiwa limezama kwenye blanketi.

Kilichosaidia ni kuanza juu ya kifua changu, mimi nikiwa nimeegemea mto. Akitaka kuona uso wangu inabidi ainue kichwa, na uso ndio alioutaka. Baadaye nikamshusha sakafuni, nikamwekea taulo lililokunjwa chini ya kifua, mikono yake ikiwa mbele, nami nikalala kifudifudi nikimwelekea. Dakika moja, mbili, nikamgeuza kabla hajaanza kulia. Tulifanya mara tu baada ya kubadilisha nepi, kamwe si baada ya kula. Kioo kidogo kisichovunjika, kilichosimamishwa mbele yake, kilimpa sababu ya kuendelea. Kama mtoto wako analia, punguza muda uongeze mara, usiache kabisa.

Wakati huohuo ndugu mmoja alituletea kigari cha kutembelea, kile cha magurudumu ambacho mtoto anakalishwa katikati. Alikileta kwa upendo, na kumwambia kwamba hatutakitumia kulinigharimu siku kadhaa za kununiana. Lakini vigari hivyo havimfundishi mtoto kutembea, na vinamfikisha haraka kwenye ngazi, moto na vitu vya moto. Canada ilipiga marufuku kuviuza tangu 2004. Sakafu safi inamfaa zaidi. Ule mwongozo wa 2019 unasema pia mtoto asifungwe kwenye kiti au kigari cha kusukumwa kwa zaidi ya saa moja kwa mfululizo, na nilipoanza kujumlisha muda ambao vifaa vyetu vilikuwa vinamshikilia, nikaviondoa viwili sebuleni.

Kuhusu vitu vya kuchezea, sikununua vingi na sijutii. Kuna utafiti uliofanyika Kingston, Jamaica, kuanzia 1986, ambao ulinituliza sana. Watoto 129 wa familia maskini, waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, walifuatiliwa. Baadhi yao, kwa miaka miwili, walitembelewa nyumbani kila wiki na wahudumu wa afya ya jamii, ambao hawakuja kumfundisha mtoto bali kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza naye, wakitumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Nilipoisoma habari hiyo nikaenda jikoni kutafuta.

Sufuria ndogo na mwiko. Vikombe vya plastiki vinavyoingiana. Chupa tupu yenye nafaka kidogo ndani, kifuniko kimekazwa na kuzungushiwa utepe wa kunata, na nikiikagua kila asubuhi kabla ya kumpa. Vipande vya vitambaa, laini na vya kukwaruza. Boksi la kutia na kutoa. Vyote vilikaa kwenye kikapu kimoja, na kila siku nilitoa vitatu au vinne tu, kwa sababu vikimwagwa vyote mtoto anaruka kutoka kimoja hadi kingine bila kukaa na chochote. Nilivipokezana, na sufuria iliyokuwa imefichwa siku chache ilipokelewa kama mpya.

Kwenye usalama niwe mkali. Mtoto anajifunza kwa mdomo, hivyo kila alichoshika kitaingia mdomoni. Chukua bomba la karatasi ya chooni: kitu chochote kinachoweza kupita ndani yake ni hatari ya kumpalia. Betri ndogo za duara za rimoti na saa huunguza koo ndani ya saa chache. Funga vifuniko vyake kwa skrubu au viweke juu. Sumaku ndogo, mifuko ya plastiki, kamba ndefu, vyote viondoke. Na ndoo yenye maji, hata maji kidogo chini kabisa, imwagwe mara kazi inapokwisha. Mimi nililala sakafuni mwenyewe, macho yangu yakiwa usawa wa macho yake, nikakizunguka chumba hivyo. Niliokota kifungo cha shati na kofia ya kalamu ambavyo nikiwa nimesimama nisingeviona kamwe.

Alipoanza kukaa bila kushikwa, ulimwengu ulibadilika. Mikono ilikuwa huru. Hapo ndipo kikaanza kijiko.

Anakaa kwenye kiti cha kulia, anakishika kijiko pembeni ya kiti, anakiachia. Kinagonga sakafu. Anainama kukitafuta, anakiona, halafu ananitazama mimi. Nakiokota. Anakiachia tena. Watu wengi wanaona hapo ukorofi, na nimeshuhudia watoto wakichapwa mkono kwa hilo, jambo linaloniuma. Tazama anachofanya: anachunguza kama kijiko kitaanguka kila mara, kama mlio ni uleule, kama kitu kilichotoka machoni bado kipo, na kama baba atakirudisha. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aligundua mengi kuhusu akili za watoto kwa kuwatazama watoto wake watatu wakifanya mambo kama haya, akaandika kwamba ni kama kwenye miezi minane ndipo mtoto anapoanza kukitafuta kitu kilichofichwa. Watafiti waliomfuata wameonyesha kwamba dalili za ufahamu huo huanza mapema zaidi, lakini mchezo unabaki uleule.

Nilikuwa naweka kikombe mbele yake, nakifunika kitambaa anaona. Wakati fulani alikuwa anageuka na kuendelea na mambo mengine, kana kwamba kikombe hakijawahi kuwepo. Nikabadilisha, nikafunika nusu, mkono wa kikombe ukichungulia. Akavuta. Siku zilizofuata nikaacha sehemu ndogo zaidi, mpaka nikafunika chote. Aliutazama mlima ule wa kitambaa, akanitazama, akakishika kitambaa kwa ngumi na kukitupa kando. Kikombe hiki hapa. Alipiga kelele ya furaha ambayo sijaisikia tena namna ile. Wakati huo anza pia kufunika uso wako kwa viganja na kuufunua; unamfundisha kwamba anayeondoka hurudi, jambo litakalomsaidia mama anapoaga asubuhi.

Kijiko nacho tulikimaliza kwa kukifunga kwenye kiti kwa kamba fupi, ili akivute mwenyewe. Mgongo wangu ulipumzika, naye akapata jambo jipya la kuchunguza.

Simu nitaipitia haraka. Mwongozo uleule wa 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa Marekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina cha Mandarin: waliochezewa na mtu aliye hai mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile, na waliomwona mtu yuleyule kwenye video hawakujifunza. Mazungumzo ya video na bibi tuliyaruhusu, kwa kuwa bibi anamjibu. Na kama nyumbani kwenu mna lugha mbili, kila mtu aongee naye lugha inayomtoka moyoni. Hazimchanganyi.

Kuna siku nilichoka kabisa. Kucheza na kichanga kunachosha kwa namna isiyosemwa, kwa sababu ni utulivu mwingi, marudio mengi, na hakuna mtu mzima wa kuzungumza naye. Siku hizo nilimwambia tu ninachofanya. "Nakunja shati. Hili la mama. Hii soksi, nyingine iko wapi?" Nikampa soksi ashike. Hiyo inatosha kwa siku mbaya, na siku mbaya zikifuatana, omba mtu akushike mkono mapema. Mzazi aliyezama kwenye huzuni anashindwa kuona tabasamu linalorushwa kwake, na huzuni ya baada ya uzazi hutibika, kwa mama na kwa baba.

Mchezo pia ndio unaokuonyesha kama kuna tatizo. Mpeleke kwa wataalamu, ukihesabu umri uliorekebishwa, kama kwenye miezi mitatu hatabasamu unapomtabasamia, kama hashtuki wala hageukii sauti, kama kwenye miezi tisa hawezi kukaa bila kushikwa, kama kabla ya mwaka anatumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine, au kama amepoteza jambo alilokuwa analiweza. Hilo la mwisho halingoji umri wowote. Njiti wako kwenye hatari zaidi ya kupungukiwa usikivu, hivyo sisi tuliomba apimwe masikio hata kabla hatujaona dalili, na ningemshauri kila mzazi aombe.

Mama yake aliumia kwa muda kwa kuona kwamba michezo yote ilikuwa yangu. Tukakubaliana kwamba kuoga ni kwao wawili. Anaporudi anaacha simu chumbani, anajaza beseni kidogo, anamshika mgongoni na kumimina maji kwa kikombe juu ya tumbo: "Maji... yana... kuja." Anasimamisha kikombe hewani. Mtoto anapiga teke, ndipo yanamwagika. Mimi siingii. Siku ambazo kazi inamchelewesha, tunahamishia kuoga asubuhi kabla hajaondoka.